Mbuzi Kumi na Wawili wa Katungu

Katungu Rébecca alianza kuigiza akiwa na miaka kumi na minne, katika mchezo wa Noeli wa parokia yao, Butembo. Wavulana wote walikataa kuwa Herode, yeye akaomba. Leo ana miaka thelathini na mmoja na filamu kumi na nane, zinazotazamwa katika vibanda vya video hadi Eringeti. Mjini Beni askari humpigia saluti kwa sababu aliwahi kuigiza kanali.

Filamu ya kumi na nane ilimtia matatani. Ilihitaji onyesho la mahari, na mahari ya Wanande, kabila lao, ni mbuzi. Josaphat, aliyeigiza bwana harusi, alileta mbuzi kumi na wawili wa baba yake. Katungu, aliyeigiza bibi harusi, alitoa kiwanja cha kwao, mtaani Kimemi, na baba yake mkubwa, mzee Syauswa, akaigiza mkuu wa ukoo. Alipokea kamba ya mbuzi mbele ya jamaa, ishara ya kuikubali mahari. Kamera ilipozimwa, hakuiachia. Kesho yake mbuzi mmoja alikuwa ameshachinjwa na kuliwa.

"Mbuzi ziliingia mu kiwanja, nilikamata kamba, bandugu balikula nyama," alisema mzee. "Donc, uko bibi ya Josaphat."

"Baba mukubwa, ile ilikuwa filme!"

"Na nyama? Nayo ilikuwa filme?"

Mashangazi wakaangua kicheko. Josaphat, aliyekuwa ameketi pale pale, akakohoa kidogo.

"Mais Rébecca, haiko mubaya. Utakaa nyumba, utaacha mambo ya kamera."

Kumbe walichotaka ni aiache kazi yake.

"Mu filme ya kanali ulikuwa unabeba mufuko yangu," alimjibu. "Leo weye ndio unanipa amri?"

Desturi aliijua vizuri: mahari hukataliwa kwa kurudisha mbuzi, idadi ileile. Alikwenda sokoni akanunua beberu badala ya yule aliyeliwa, akawafungua wale kumi na mmoja, akawaswaga wote barabarani mchana kweupe.

"Muke ya Josaphat!" walimtania wauza ndizi. "Unapeleka wapi mbuzi?"

"Kwa benyewe!"

Mlangoni kwa baba yake Josaphat, Katungu alimnyooshea ile kamba. Baba huyo akarudisha mikono nyuma. Katungu hakuishusha. Mtaa mzima ulikuwa umeshakusanyika.

"Kamata, tata," alimwambia, kwa heshima ya baba. "Batu banaona."

Akaishika.

Mwongozaji wa filamu alitaka kulikata onyesho lile la mahari ili kutuliza jamaa. Katungu alikataa. Limo hadi leo, dakika nne nzima.

"Nilicheza muzuri," asema. "Inabaki."