Neno Lililobaki Bendi Iliponyamaza

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo huinamisha uso, ingawa wengi waliokuwapo wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Hakuna wa kunicheka tena, lakini haya yake ingali nami.

Nilikuwa mke wa mwaka mmoja, hapa hapa Siyu. Mume wangu Shee, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa makubadhi. Akikaa barazani kushona ngozi, mdomo wake haukutulia. Mara ulikuwa tarumbeta, mara ngoma, mara kitu kizito ambacho sikukijua hata jina. Nami nikicheka tu. Nilidhani kila mwanamume ana wazimu wake mdogo, na huo ndio wa kwangu. Sikumwuliza kaupata wapi. Ujana ndivyo ulivyo, mwanangu: ukilala na mtu nyumba moja unadhani umekwisha kumjua.

Basi ikaja habari kwamba bendi kubwa ya Mombasa itapiga Amu, alasiri moja, uwanjani, kila mtu asikie. Shee aliacha sindano ndani ya ngozi akaniita.

"Mke wangu, twende. Ni watu kumi na saba, na wote wapiga kama mtu mmoya! Hujapata kusikia kitu kama hicho."

Tulitoka alfajiri kwa miguu hadi Mtangawanda, tukapanda boti ya abiria. Njia nzima alinieleza habari za ala: saksafoni, tromboni, besi ya kusimama. Nilikuwa nikiitika "naam, naam" huku nikiwaza buibui langu jipya na jamaa zangu wa Amu watakavyoniona. Maana nilikuwa na binamu huko, Bi Nuru, aliyeolewa na mtu mwenye majumba. Nyumba yake ilitazama uwanja. Wanaume walikaa chini, nasi wanawake tukajipanga madirishani juu, mimi katikati ya mabibi wenye dhahabu mpaka viwiko.

Bendi ilipoanza nilishika ukingo wa dirisha. Sikujua kwamba shaba inaweza kucheka. Saksafoni ziliuliza jambo, matarumbeta yakajibu yote kwa pamoja kama watu wa nyumba moja wasioweza kungojana, na chini yao besi ikitembea, ikitembea, kama mtu mwenye safari yake. Haukuwa muziki wa kwenda sawa kama gwaride la skuli. Ulikuwa kama pembea ya Idi: ukienda, ukikaa kidogo huko juu mpaka moyo unataka kutoka, kisha ukirudi. Vidole vya miguu vikaanza kunicheza wenyewe. Wallahi, nilifurahi. Nami nikajizuia, kwa sababu mabibi wale walikuwa wamekaa kimya kama waliokuja matangani.

Ndipo nilipomwona Shee. Alikuwa amesogea mbele mpaka karibu na ukuta wetu, amefumba macho. Alikuwa amevua makubadhi yake, moja mkono huu, moja mkono huu, akiyagonganisha kufuata ngoma, na mwili wake ukiyumba. Na alikuwa akilia. Mtu mzima, peku, machozi yanamtoka, na uso unacheka.

Mabibi wakaanza kushikana mabega kwa kicheko. "Mtazameni yule! Ametoka shamba gani?" Mmoja wao, mwenye kipini kikubwa cha pua, akanigeukia. "Si wewe watoka Siyu? Wamyua uyu?"

Bi Nuru alinitazama. Yeye alikuwa akijua, na akaningoja niseme.

Nami nikasema kwa sauti, ili isikike juu ya matarumbeta: "Simyui!"

Mwanangu, bendi zile zina desturi. Katikati ya wimbo hunyamaza wote ghafla, pumzi moja, halafu huanza tena kwa kishindo. Walinyamaza pale pale. Neno langu likabaki peke yake juu ya uwanja ule.

Shee alifumbua macho. Hakutazama juu. Aliinama, akavaa makubadhi yake polepole, moja kisha la pili, akaenda kusimama nyuma kabisa, mikono ameikunja kifuani, mpaka mwisho.

Njiani kurudi hakunikemea. Alikuwa ameahidi kuninunulia halwa, akaninunulia. Lau angenikemea ningepata pa kujitetea, lakini halwa ile niliifunga tena katika karatasi yake, sikuionja.

Tangu siku hiyo barazani kwetu kukawa kimya. Shee alishona, alinisalimia vizuri, alikula na kumshukuru Mungu. Tarumbeta halikulia tena. Shangazi yake, Bi Mwanaesha, aliyemlea, alikuja siku moja akakaa kitambo, akasikiliza, kisha akaniuliza mtoto wake ana nini. Nikamweleza. Nilidhani atanipigia kelele. Alisema kwa sauti ndogo tu:

"Mtu akikuonyesha furaha yake, amekuonyesha utupu wake. Wa kumsitiri ni wewe. Wewe umemfunua mbele za watu. Nenda kamtake radhi leo, yua lisitwe ukingali na neno hilo kifuani."

Lakini kiburi cha ujana, mwanangu! Nilisema leo, nikasema kesho. Nikasema atasahau. Ukaingia mfungo, ukatoka. Nilikuwa nikimpikia vitumbua vilaini kuliko vya mwanzo, nikitumai vitumbua vitanisemea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lililoumia lilikuwa langu.

Miezi sita ilipita ndipo nilipokwenda barazani, nikakaa chini karibu na vipande vya ngozi.

"Bwana," nikasema, "siku ile ya Amu nilisema neno."

"Nililisikia," akasema. Hakuacha kushona. "Nikafikiri, pengine asema kweli. Kweli hanijui. Sijamwambia kitu."

Siku hiyo akaniambia yote niliyokuwa sijauliza. Alipokuwa kijana huko Mombasa alikuwa akichukua maji jikoni, kwenye ukumbi ambamo bendi ile ile ilifanya mazoezi kila alasiri. Mpiga tromboni mmoja alimwona akisimama mlangoni na ndoo, akamwita, akamfundisha kushika ala, kuvuta pumzi, kusoma noti kidogo kidogo. Waliketi pamoja miaka miwili. Alikuwa karibu kupewa kiti chake katika bendi. Kisha ikaja barua kwamba baba yake macho yamepotea, hakuna wa kushika sindano. Akarudi Siyu, na hakumlaumu mtu.

"Siku ile," akasema, "mpiga tromboni wa pili, yule mwenye mvi, ndiye yeye. Nilimtambua kwa namna ya kuinua bega. Nilikuwa nikingoja wamalize nikampe mkono. Niliposikia lile neno nikajitazama. Peku, jasho, mtu wa shamba kweli. Nikaona haya kumwendea. Na asubuhi wakaondoka."

Nililia mpaka akaniwekea mkono kichwani. Alinisamehe siku hiyo hiyo, kwa moyo wake wote, naye hakuwa mtu wa kusamehe nusu. Lakini msamaha haukumrudisha yule mzee. Tulituma salamu kwa kila msafiri aliyekwenda Mombasa. Mwisho tukajibiwa kwamba bendi imevunjika, na huyo mwenyewe amerudi kwao bara, hakuna ajuaye wapi. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Shee alicheza kwao, na wa kumtunza nilikuwa mimi.

Alianza tena kupiga kwa mdomo, alhamdulillahi, safari hii mimi nikiwa nimeketi karibu naye. Alinifunza kusikiliza: usifuate tarumbeta tu, mtafute besi, sikia yule anayengoja, si yule anayepiga tu. Tukaahidiana kwamba bendi kama ile ikija tena, tutakwenda sote. Tuliishi pamoja miaka mingi, tukapata watoto, tukazika mmoja, tukazeeka. Bendi haikuja. Shee akaondoka kwanza.

Mwaka huu ndio imekuja. Mjukuu wangu Rukia, anayesoma Amu, alinipigia simu. "Bibi, kuna bendi kubwa inakuja, saksafoni na nini. Ni laivu kabisa, si ya simu. Nikufuate?"

Nilikwenda. Magoti haya yalilalamika tangu Mtangawanda, lakini nilikwenda. Niliketi kiti cha mbele, mwanangu, na sikumtazama mtu mwingine. Walipopiga, nilisikia kila kitu. Nilimtafuta besi nikampata. Nilimsikia anayengoja, nikajua ataingia lini, na alipoingia nikapiga makofi kama msichana. Furaha niliyoikaba dirishani nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa nilikuwa nayo yote, tele, jua likinipiga usoni. Nami nikageuka kumwambia Shee, "Umesikia pale?" Upande ule alikuwa ameketi bwana mmoja nisiyemfahamu, akila njugu. Akaniitikia kwa adabu, "Naam, Bi, nimesikia."

Rukia aliniuliza, "Bibi, hukupenda?"

"Nimependa mno," nikamwambia. "Nimependa peke yangu, ndiyo shida."

Hili ndilo ninalokuusia, mwanangu. Ukimwona mtu wako amefurahi kwa jambo usilolifahamu, usikimbilie kuona haya. Mwulize. Swali moja tu nililopaswa kumwuliza Shee barazani, "umejifunzia wapi?", lingemfikisha kwa mwalimu wake. Usiuze heshima ya wa nyumbani kununua kicheko cha wageni, maana wageni hawatakuzika. Na ulimi wako ukikuteleza, basi katake radhi siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kupika vitumbua. Na akikwambia twende, nenda. Ukienda, kaa karibu naye.

Mola akukunjulie kifua, akupe mwenza wa kukujua na wewe umjue. Akupe furaha usizozionea haya, na wa kufurahi nawe wangali hai. Akuhifadhi mimi nisipokuwapo. Amin.