Mchumba Wangu Ameyeyusha Sarafu Yangu ya Kigiriki Kuwa Pete za Ndoa

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana Butembo tunajuana wote. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, mwalimu wa Kilatini katika shule moja ya sekondari, naishi Bulengera. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe nikiropoka.

Nilipokuwa mwanafunzi, padri mzee wa Kizungu aliyetufundisha Kilatini alikuwa na sarafu za kale za Warumi na Wagiriki. Wenzangu walikimbilia mpira, mimi nilibaki naye. Alinifundisha kushika sarafu kwa ukingo, kutoisugua hata ikiwa nyeusi, kuipima uzito, kuweka karatasi juu yake na kupitisha penseli polepole mpaka herufi zilizofifia zitokee. Kabla ya kufariki aliniachia kumi na moja, pamoja na barua ya mkono wake kwamba ni zangu. Kumi ni za Kirumi, za shaba, zimelika sana. Moja ilinichukua miaka miwili kujua ni ya kaisari gani. Ya kumi na moja ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya fedha, ya Kigiriki, nene, gramu kumi na sita. Upande mmoja kichwa cha mungu wa kike, upande wa pili bundi mwenye macho makubwa na herufi tatu za jina la Athene. Ilikuwa na miaka zaidi ya elfu mbili! Wanafunzi wangu waliishika mmoja mmoja, na siku hiyo hata watundu walitulia.

Mchumba wangu, nitamwita Kambale, ni mfanyabiashara wa Beni, anakaa Bungulu. Haya yote aliyajua. Mara ngapi amekaa mezani kwangu akipitisha penseli mwenyewe, anasoma herufi, anafurahi! Angekuwa hajui, ningemsamehe.

Mwezi uliopita nilisafiri kwa semina ya walimu, nikamwachia ufunguo ili asimamie fundi wa paa. Niliporudi akanipokea na kisanduku chekundu. Ndani, pete mbili.

"Chérie, hii njo surprise yako," akasema. "Nilipelekaka ile pesa yako ya bundi kwa bijoutier, ule sonara, akaitia mu moto, akatengeneza mapete mbili. Sasa utaivalaka kila siku, haitabakia tena mu kopo."

Nilikaa sakafuni. Sikulia, nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Mama yangu akanigombeza mimi. "We mutoto, mbuzi za dot, za mahari yako, tulishakula, na wewe unaharibisha ndoa juu ya pesa ya zamani yenye hainunuake hata chumvi? Bwana yako amekutengenezea pete, sema aksanti."

Nikaanza kujilaumu. Labda mama amesema kweli, labda ni mapenzi ya mtu asiye na akili nyingi. Kisha Kavira, mdogo wake Kambale, akaja kutoka Beni kupimwa gauni la harusi. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo.

"Yaya, dada yangu, mi naona haya. Haikukuwa surprise. Mama yetu aliona photo ya ile ndege mu téléphone ya Kambale. Akasema mwanamuke mwenye anachunga bundi mu nyumba iko mulozi, mchawi, atakula batoto yetu. Balifanya maombi siku tatu kule Beu, mu Beni. Njo bakamwambia aitie mu moto."

"Na yeye alijibu nini?"

"Hakujibu kitu. Alinyamaza tu."

Alinyamaza! Mtu niliyemweleza kwa mdomo wangu kwamba bundi yule ni alama ya mji wa Athene. Noti zetu wenyewe zina wanyama, na sijaona mtu akizikemea kanisani wakati wa sadaka.

Nikampigia simu. "Chérie, hapana kasirika," akasema. "Nilitaka tu mama atulie. Mais mi sikusemaka ati we uko mulozi."

"Ulisema ati siko?"

Akaanza kunieleza habari za ukumbi na viti.

Matangazo ya ndoa yameshasomwa parokiani mara mbili. Sarafu imekwenda, hakuna wa kuirudisha, na kilio changu nitakimaliza mwenyewe. Lakini ninyi mnajua kwetu mwanamke akiishaitwa mulozi inakuwaje. Wapo waliofukuzwa usiku bila hata sufuria. Siku mtoto wa ukoo wao atakapougua, watanitazama mimi, na mwanaume pekee anayejua ukweli hakuweza kumwambia mama yake neno moja.

Nyumbani kila mtu ananiambia nivumilie. Ninyi mlioishi kwenye ndoa, semeni nami bila kunibembeleza: nisimame naye altareni Jumamosi ya wiki ijayo, au nimwambie baba aanze kutafuta mbuzi wa kurudisha?