Nilijifanya Mdogo Wangu, Nikachukua Nyumba Yake

Makosa ni yangu. Nalisema mapema, msije mkafika katikati mkaanza kumtafuta wa kulaumiwa. Si shetani, si mume wangu, si serikali. Ni mimi, na akili zangu timamu.

Jina langu sitalitaja, maana mji wenyewe huu twajuana sote. Mimi na mume wangu twauza vitambaa Biashara Street, na twakaa Ganjoni kwenye fleti yetu. Yetu wenyewe, si ya kupanga. Nina mdogo wangu mmoja tu, nitamwita Rukia. Alipoachwa na mumewe alirudi na binti zake kwa mama, kwenye vyumba vya juu vya nyumba ya kupanga pale mtaa wa Ndia Kuu. Kila asubuhi alipika mahamri na mbaazi akauza mlangoni. Rukia ni mtu ambaye ukimwambia jambo, haulizi mara ya pili.

Serikali ilipotangaza nyumba za bei nafuu kwa watu wasiokuwa na nyumba, alinijia dukani uso unamng'ara.

"Dada, nasikia ukiwa hujapata kumiliki nyumba, wakusaidia. Walipa kidogokidogo kila mwezi mpaka inakuwa yako. Hata ushuru mwingine wakusamehe kwa kuwa ni nyumba yako ya kwanza. Ni kweli?"

"Kweli," nikamwambia.

"Basi niandikishe, dada. Mambo haya ya simu siyawezi."

Nikamwandikisha. Wallahi siku ile nia yangu ilikuwa safi! Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, yazima na kuwaka ipendavyo, kwa hiyo nikatia nambari yangu. Kitambulisho chake akaniachia nifuatilie. Tukakubaliana kwamba jina likitoka, amana, yale malipo ya kuanzia, nitamkopesha mimi.

Jina likatoka. Ujumbe ulinikuta dukani, mteja ananiomba nimpunguzie bei ya leso. "Hongera, Rukia." Nilifurahi, jamani, nilifurahi kweli. Kisha, kabla hata mteja hajatoka, wazo likaniingia. Huyu atayaweza wapi malipo ya kila mwezi kwa mahamri? Atashindwa, nyumba itachukuliwa, na amana yangu ipotee. Si bora niichukue mimi, niipangishe, ijilipe yenyewe, halafu siku moja nimkabidhi?

Oneni nilivyojipamba! Siku moja! Siku gani hiyo?

Jioni alikuja kuniuliza kama majina yametoka.

"Yametoka," nikasema. "Lako halimo."

Akasema, "Alhamdulillahi. Basi haikuwa riziki yangu. Ahsante, dada, kwa kunihangaikia." Akanipa mahamri aliyokuwa amewafungia wanangu. Nami nikayala!

Kwenda kutia saini nilivaa buibui lake, nililoliazima kwake kwa kisingizio cha msiba. Tumefanana tangu utotoni, watu wakituchanganya. Karani alitazama picha ya kitambulisho, akanitazama mimi, akasema, "Umenenepa, mama." Nikacheka. "Ni uzazi," nikamwambia. Nikatia saini kwa jina la mdogo wangu. Palikuwa na sharti kwamba aliyepewa nyumba aishi mwenyewe, asiipangishe. Nikalitia saini na hilo.

Mume wangu nilimwambia Rukia ameniachia kwa hiari yake. Aliamini, kwani ana sababu gani ya kutoamini? Kitambulisho nikakirudisha, na nyumba nikampangisha kijana mmoja wa bara anayefanya kazi bandarini, yeye na mkewe. Akalipa vizuri. Nikalala usingizi, astaghafirullahi, usingizi mzuri kabisa.

Kisha ile nyumba ya Ndia Kuu ikauzwa. Mwenyewe mpya alitaka kufanya duka la vinyago chini na vyumba vya wageni juu. Mama na Rukia wakaambiwa watoke. Mama na miguu yake ile, kupanda ngazi tu ni shughuli, sasa aanze kutafutiwa vyumba!

Rukia hakutaka kunisumbua tena. Akaenda ofisini mwenyewe kuomba aandikishwe upya. Aliporudi, alikuja moja kwa moja kwangu Ganjoni.

"Dada, nimeibiwa! Wasema nina nyumba tayari. Wasema nilikwenda mwenyewe, nikatia saini, nikachukua funguo. Sasa siwezi kupewa nyingine. Nani kanifanyia hivi, dada?"

Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Mimi nikasema nini? Nikasema, "Labda ni karani mmoja wa mle ofisini. Watu hawa hawana imani."

Lo! Nikamsingizia mtu ambaye kosa lake ni kuamini picha! Rukia akaniangukia mapajani akalia mpaka kanga yangu ikalowa. Nikamwambia tusiende polisi kwanza, tusikurupuke, nitalifuatilia mimi.

Hakungoja. Ofisini walikuwa wamemtajia jengo na nambari ya mlango, akaenda kupiga hodi. Nilikuwa dukani, mume wangu nyuma yangu anapima kitambaa cha mteja, simu ikalia. Ni yule mpangaji.

"Mama mwenye nyumba, kuna mama hapa mlangoni. Asema nyumba hii ni yake, na ana kitambulisho. Hebu zungumza naye."

Kabla sijakata, nikamsikia. "Haloo? Mimi naitwa Rukia. Wewe ni nani?"

 Simu ilikuwa bado sikioni. Na palepale mume wangu, masikini hajui lolote, akaniita kwa sauti: "Mama Salma! Mkasi umeuweka wapi?"

 Kisha nikasikia, kwa sauti ndogo, "Dada? Dada, ni wewe?"

Nikakata simu.

Mume wangu nilimweleza siku ileile, singeweza tena kuficha. Hakunipiga wala hakunitukana. Siku hizi anisemesha kama amsemeshavyo mteja asiyemjua.

Nilikwenda kwa wakili. Akaniambia nikisema kweli ofisini, nyumba huenda ikarudi serikalini, mimi nishitakiwe kwa kujifanya mtu mwingine, na jina la Rukia likae kwenye kesi asijue litatoka lini. Nikinyamaza, nyumba itabaki ni ya Rukia kwa jina, na ndani yake kuna watu niliowaweka mimi.

Na hao watu wenyewe! Yule kijana alipogundua, aliacha kulipa. Nikamfuata. Akanijibu kwa adabu kabisa, mkewe amesimama nyuma yake.

"Mama, nimlipe nani? Wewe si Rukia. Na Rukia hakunipangisha."

Nimshitaki wapi? Kwa jina la nani? Nisimame mbele ya hakimu niseme mimi ni nani? Nilijaribu kuyalipa malipo ya kila mwezi mwenyewe mpaka duka likayumba, nikashindwa. Sasa deni linakua, na linakua kwa jina la mdogo wangu, ambaye hajawahi kuuegemea ukuta wa nyumba ile hata siku moja.

Mama na Rukia walihamia mtaa wa Majengo, chumba kimoja, jiko la nje la kushirikiana na majirani. Nilikwenda. Mama aliitikia salamu yangu kwa kuwa salamu ni lazima kuitikiwa, kisha akageukia ukutani. Rukia akaniletea maji ya kunywa. Maji! Nikamwangukia miguuni, nikamwambia anishitaki, anipeleke popote atakapo.

"Nikushitaki?" akasema. "Halafu nani atamwambia mama mwanawe mwingine yuko jela?"

Nikalia. Akaningoja nimalize.

"Kilichoniuma si nyumba, dada. Ungeniambia tu, 'Rukia, naitaka nyumba ile.' Ningekupa. Wajua wewe ningekupa."

Najua. Yarabi, najua! Hilo ndilo linaloniua.

Basi nyie mnaowaandikisha ndugu zenu kwa sababu nyinyi ndio wenye simu nzuri na wajuzi wa ofisi, niangalieni mimi. Jina likitoka, mpigie simu mwenye jina dakika ileile, kabla moyo wako haujaanza kuzungumza. Na wewe unayeandikishwa, tia nambari yako, hata kama simu imepasuka. Nenda ukajionee kwa macho yako, hata anayekufuatilia akiwa ametoka tumbo moja nawe.

Mimi nyumba siwezi kuirudisha, siwezi kuikalia, siwezi hata kumtoa mtu aliye ndani. Kama kuna msomaji anayejua nianzie wapi, aniambie. Nimeuliza kila niliyeweza kumuuliza.