Mwiba Nilioumeza Ukweni

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, niliuza redio za kaseti na mitumba pale Mikumi, nami nikajiona mtu. Nilikwenda ukweni Tindiga nimevaa koti katikati ya joto. Mama mkwe alipika perege wa mchuzi. Kwa heshima hakukaa nasi. Alibaki mlangoni mwa jiko, mimi nikala na mashemeji.

Tonge la tatu, mwiba ukanikwama. Mkwe hatemi chakula ukweni, basi nikafanya tulichofundishwa sote utotoni: nikameza matonge mawili makubwa ya ugali bila kutafuna. Maumivu yakashuka hadi kifuani. Nikasema chakula kitamu, nikaongezewa.

Kesho yake, nyumbani, nilikuwa na homa na maji hayapiti. Dada zangu wakauliza nilikula wapi. Walipojua, wakasema nimelishwa kitu. Neno moja tu, mwiba, lingetosha. Nilinyamaza, maana niliona afadhali nionekane nimerogwa kuliko nionekane mlafi.

Hospitali ya Kilosa walinipiga picha, wakanihamishia Dar es Salaam. Daktari wa huko akaniambia, "Mficha uchi hazai. Sema ulichokula." Nikamwambia tukiwa wawili. Alinipitishia kinywani mpira mwembamba wenye taa, akautoa mwiba, kisha nikalishwa kwa mpira wa puani mpaka pale ukuta wa umio ulipotoboka pakajifunga. Kifua hakikupasuliwa. Alisema matonge yale ndiyo yaliyousukuma mwiba. Akanipa mwiba wenyewe ndani ya kichupa, nami nikautupa chooni kabla dada zangu hawajaingia kuniona. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Maneno ya dada zangu yalifika Tindiga kabla sijapona. Mama mkwe alikuwa akiuza vitumbua gulioni. Watu wakaacha kununua. Mke wangu alilia usiku na mchana, na hata yeye sikumwambia.

Nilipopata nguvu nilikwenda ukweni. Nilichutama, nikatoa shikamoo. Mama mkwe akaitika marahaba, akaniletea sahani ya perege. Haikuwa na mwiba hata mmoja. Alikuwa ameichambua miba yote kwa vidole vyake.

"Nilikuona siku ile ukimeza, baba," alisema taratibu. "Ningesema, wangekucheka."

Mashemeji walikuwa pale uani, hatua chache tu. Nilikula nikamaliza, nikanawa mikono, na siku ile pia sikusema.