Redio Alizozilinda Babu

Nakumbuka mchana mmoja wa kusi, mwanangu, mwaka uliofuata uhuru. Nilikuwa nimejinyoosha kibarazani kwa bibi yangu Mwanasiti, Msambweni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Vanga, na moyoni nilishaanza kuiwaza Tanga.

"Mume wangu," akaniambia, kwani ndivyo alivyonitania tangu utotoni, "hiyo miguu yako isiyotulia leo nitaipa kazi. Twende Diani tukamrudishe mke mwenzangu."

Mke mwenzake, kwa utani wake, alikuwa mumewe mwenyewe, Babu Bakari, mlinzi wa nyumba ya Mzungu mmoja ufuoni. Uhuru ulipokuja, Mzungu yule aliuza vitanda na meza, akarudi kwao. Aliacha redio tatu kubwa za mbao, akamwambia babu, "Zilinde mpaka nirudi." Tangu siku hiyo babu hakukanyaga kwake. Chakula alichopelekewa kilirudi vile vile, na wapitao njia ile walisema amekonda hata shati ndilo linalomvaa yeye. Bibi alichelea kwamba siku moja ataletewa maiti.

Tulimkuta ameketi ngazini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango uliofungwa. Nikampa shikamoo. Akajibu "Marahaba" bila kunitazama, kisha akainua kidole tunyamaze.

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Ndani ya nyumba ile tupu kitu kikanguruma, kikakohoa kama mtu aamkaye, halafu sauti ya kiume ikaanza kusema Kizungu, polepole, kama mwenye nyumba aliyekaa mezani.

"Naam, bwana," babu akasema.

"Nani huyo, babu?"

"Mwenyewe. Hunena kila upepo ujapo. Mara nyingine huniita kwa jina."

Mimi nilikuwa nimesoma sekondari, nikajiona mjuzi. Nikaizunguka nyumba. Juu ya paa niliona feni ya chuma inayozungushwa na upepo, na waya ulioshuka kupitia dirishani hadi kwenye betri ya gari. Kumbe upepo ukivuma betri hupata nguvu, na redio moja ambayo haikuzimwa huamka. Nikarudi nacheka.

"Babu, ni feni tu hiyo inayokuhangaisha! Nipe ufunguo nizivunje zote tatu, twende zetu."

"Ukizigusa, wewe si mjukuu wangu."

"Nyamaza, mwenye elimu," bibi akanikemea. "Wamwambia mtu kwamba miezi yote hii alikuwa mjinga, kisha wataka akufuate nyumbani?"

Akamwomba mumewe ufunguo, akavua viatu, akaingia kama aingiaye kwa watu. Redio zilipangwa sakafuni, na ile ya katikati ilikuwa na kitaa kidogo cha kijani kinachowaka kama jicho la paka. Bibi akaketi mbele yake.

"Hodi, bwana. Mimi mke wa Bakari. Makuti ya nyumba yangu yameoza, na mvua yaingia hadi kitandani. Naomba ruhusa mume wangu aje kwake. Watuambiaje?"

Sauti ikaendelea na yake. Bibi akanigeukia. "Asemaje?"

"Asema bei ya pamba imeshuka, bibi."

Akauliza tena, akangoja kwa adabu. Kisha akamtazama mumewe.

"Bakari, umesikia mwenyewe. Huyu mdomo anao, masikio hana. Wamwitikia mtu asiyekusikia."

Babu alikitazama kitaa kile. "Lakini niliahidi, Mwanasiti. Ahadi ni deni."

"Ni deni, nami sikwambii udhulumu. Lakini aliyepewa amana ni wewe, si nyumba hii. Ulipo wewe ndipo amana ilipo. Zichukue, ukazilinde kwako."

Mwanangu, nimetembea sana, lakini sijaona tena mtu akifunguliwa minyororo kwa neno jepesi namna ile. Babu aliizima redio kwa mkono wake, akaung'oa waya. Tukazisukuma kwa mkokoteni hadi Ukunda, na kutoka hapo zikapanda juu ya basi. Betri tuliiacha kule kule. Nyumbani bibi alizipanga pembeni mwa ukumbi, akazifunika kwa leso. Jioni ile babu alikula, akaomba aongezwe.

Baada ya siku chache kusi ikachachamaa. Babu alikuwa akila muhogo, ghafla akainua kichwa. Bibi akamshika mkono. "Hakuitwa mtu hapa," akamwambia, na babu akaurudia muhogo wake. Lakini mimi niliyesimama mlangoni nilisikia. Chini ya leso, kwenye redio zisizo na waya wala betri, kitu kilikohoa. Kisha jina likatajwa, na halikuwa la babu. Lilikuwa langu.

Wahenga wametwambia usikatae wito, kataa neno. Lakini wazee wetu hutukanya pia tusiiitikie sauti ya mtu tusiyemwona. Nilifumba mdomo. Kesho yake nikashika njia ya Tanga, na mpaka leo, umri wangu umepita arobaini, sijui kama nilisafiri au nilikimbia.

Sasa babu na bibi wako mbele ya haki, Mzungu hakurudi, nawe umeniambia hoteli moja yazitaka redio zile ziwe pambo la wageni. Zitoe. Mlinzi amekwisha kufa, na mwenyewe hakuacha pa kutafutwa. Lakini watakachokupa kitoe sadaka kwa niaba ya mwenye mali, usikitie mfukoni. Wala usimruhusu fundi kuzijaribu zikiwa bado nyumbani.

Na nje ya redio, mwanangu, sauti kubwa zitakuita, za mabwana, za wanasiasa, hata za mapenzi. Kabla hujaitika, iulize sauti hiyo jambo lako dogo la nyumbani, ungoje jibu. Ikiendelea na yake, rudi kwenu. Na ukimkuta mwenzio aitikia sauti kama hiyo, usimcheke, wala usikivunje akilindacho. Msaidie kukibeba.

Mola akupe masikio yanayochagua, na akuwekee karibu mtu wa kukushika mkono siku utakayotaka kuitika.