Nilikata Mibalungi ya Shemeji Yangu

Kosa ni langu peke yangu. Sitaki mtu anitetee.

Mimi ni mkulima wa Ludara, huku Koboko. Nilileta miche arobaini ya michenza kutoka Arua, yote ya kubebesha, yaani vikonyo vilivyopachikwa kwenye mashina mengine, vyote kutoka mti mmoja. Misimu miwili ilizaa vizuri, mpaka wachuuzi wa mjini wakawa wananifuata nyumbani.

Mpakani mwa shamba langu palikuwa na mibalungi mitatu ya Keji, mjane wa marehemu kaka yangu. Mimi niliona inaninyima jua tu. Keji alipokwenda Kuluva kumuuguza mama yake hospitalini, nikachukua shoka. Sikumuuliza mtu.

Aliporudi alisimama pale kwenye visiki, mzigo bado kichwani.

"Shemeji, miti yangu iko wapi?"

Nikamwambia ilikuwa mizee. Alinitazama, akaingia ndani kwake.

Msimu uliofuata michenza ikatoa maua meupe mpaka harufu inafika barabarani. Nyuki walijaa. Halafu maua yakaanza kudondoka. Yakadondoka yote. Nikatia mbolea, nikamwagilia, nikanyunyiza dawa. Msimu mwingine, hivyo hivyo. Nilikuwa nasimama kati ya miti yenye afya kabisa, nashindwa hata kujua nimkasirikie nani.

Nikamchagua Keji. Jumapili moja, wakati wa matangazo, nilisimama kanisani nikasema kuna mtu amefanyia shamba langu kitu kibaya, na anajulikana kwa sababu ana kinyongo cha miti. Watu wote waligeuka kumtazama. Wiki ile ile alichukua watoto wake akarudi kwao.

Maua yakaendelea kudondoka.

Mwishowe nikamwita bwana shamba. Alipasua ua moja kwa wembe. Akanieleza kwamba chavua ikitua juu ya ua huotesha mrija mwembamba sana, unaoshuka mpaka kwenye kitoto cha tunda. "Aina hii inaikataa chavua yake yenyewe. Mrija unaanza kushuka, ua linautambua, linausimamisha njiani. Na miti yako arobaini ni kama mti mmoja. Inataka chavua ya aina nyingine. Ile misimu iliyozaa, hapa jirani hapakuwa na mti mwingine wa jamii ya machungwa?"

Alikuwa amesimama karibu na visiki vya mibalungi.

Nilikwenda kwao Keji. Alinipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba arudi, nitampandia mibalungi mingine.

"Sikukimbia kwa sababu ya miti," akasema. "Ulinisema kanisani. Kaseme hukohuko, halafu tutaongea."

Tangu siku hiyo Jumapili nyingi zimepita. Kila mara wakati wa matangazo unafika, nabaki nimekaa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua, na najua hii haihesabiki kama kusema kanisani.

Wewe mwenye shamba, kabla hujakata mti wa mwenzako, uliza kwanza unakusaidia nini. Na maua yako yakidondoka, mwite bwana shamba kabla hujataja jina la mtu. Mibalungi mingine nimeshapanda, na inashika vizuri. Nyumba ya Keji imefungwa, na paa limeanza kuingia ndani.