Moto wa Umande wa Mama Atupele

Sifa zote ni za Mungu, aliyenivumilia tangu utoto hadi mvi hizi. Naandika kwa shukrani, ingawa ninayoyakumbuka hayanipendezi.

Nikisikia harufu ya nyasi zinazoungua, narudi Ikinga nikiwa binti wa miaka tisa. Kiangazi kile kuna mtu alikuwa akichoma milima yetu kusudi. Ghala la ulezi la jirani lilikwisha teketea, na hata kanisani watu walinusana nguo kwa siri. Baba yangu, mzee wa kanisa, alituagiza watoto: mkimwona yeyote na moto shambani, semeni.

Nikamwona. Asubuhi moja Mama Atupele, mjane aliyehamia kutoka Mbebe, alibeba makaa kwenye kigae hadi upande wa juu wa shamba lake la kahawa, akawasha nyasi. Nilikimbia kwenda kusema, nikijiona mtu mkubwa.

Wazee wakamwita.

"Mama, ulikuwa unapika mawe kule?" mmoja akauliza. Watu wakacheka.

"Baba zangu, nachoma ukanda mwembamba umande ukiwa bado upo, kisha nazima. Moto mkubwa ukija, ukose cha kula."

"Kila mchomaji ana maelezo yake," Baba akasema.

Akapewa hadi Jumapili awe amehama.

Ijumaa mchana moto ukashuka na upepo. Tulitoa vyombo nje, mama yangu akisali kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani. Moto ulipofika kwenye ule ukanda mweusi, ulihangaika huku na huku, ukafa. Nyuma ya ukanda zilikuwapo nyumba tano, na yetu mojawapo. Wanaume waliopanda kuzima masalia walimkuta baba yangu mdogo na fungu la panya wa kitoweo mkononi. Ndiye aliyekuwa akichoma vichaka ili watoke.

Baba alimpeleka mwenyewe mbele ya wazee, kisha akaenda kwa Mama Atupele, kofia mkononi, kumwomba abaki.

Mwaka uliofuata kijiji kizima kilichoma kanda hizo pamoja, kwa kutangaziana, kila nyumba na matawi mabichi ya kuzimia. Mama Atupele alinichagua nisimame naye.

"Wewe una macho mazuri," alisema. "Leo usikimbie. Kaa uone mpaka mwisho."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa: nilisema kweli tupu, nikakaribia kumfukuzisha asiye na kosa, kwa kuwa niliondoka kabla hajazima.

Wewe unayesoma, Mungu ailinde nyumba yako, na akujalie jirani kama yule.